Nilimfuata Hadi Kwenye Viti

Kama hukusoma ya wiki jana, usihangaike. Shida zangu hazina mlango mmoja. Ingilia popote, utanikuta ndani.

Kwa ufupi: nina mtoto mmoja wa kike, miaka miwili na nusu, namwita Tone kwa sababu alizaliwa mdogo mpaka mkunga akacheka. Baba yake alikwenda mbali kutafuta kazi. Kazi akaipata, sisi akatupoteza.

Nikaingia kufagia kwenye ukumbi wa dansi. Si dansi ya kurukaruka, ni ile ya wawili wawili, ya kushikana kwa heshima: walzi, tango, rumba. Asubuhi nafagia, mchana nakaa mapokezi, na jioni tatu kwa wiki nasoma shule ya watu wazima. Madamu, mwenye ukumbi, alipoona mwandiko wangu unasomeka, akanikabidhi chaki. Tangu hapo ubao wa ratiba pale mlangoni ni kazi yangu.

Halafu ikaja ile siku. Darasani wanawake kumi, wanaume watatu, mmoja wao anaumwa. Madamu akanitazama na ufagio wangu.

"Weka hicho. Simama hapa. Leo wewe ni mwanaume."

Leo hiyo ikawa miaka miwili. Nikajifunza hatua zote za kiume: mguu wa kushoto mbele, mkono chini ya bega la mwenzangu, macho njiani. Wanawake wakanibatiza jina, Bwana Akiba.

Sasa, wiki jana niliishia pale Madamu aliponiambia kuwa mwalimu wa wanaoanza ameacha kazi. Nikifaulu mtihani wa walimu siku ya Alhamisi, darasa la Jumamosi saa nne ni langu. Na mwalimu wa darasa hilo hupewa chumba cha juu, chenye dirisha na sinki lake.

Chumba. Hapo ndipo roho yangu ilipolala. Mwenye nyumba ninakopanga anabomoa, anataka tuwe tumetoka mwisho wa mwezi. Na mama mkwe wangu, bibi yake Tone, alishanipa yake. Mama huyu amepika katika jiko la hospitali miaka thelathini. Hajui kupunguza neno kama alivyokuwa hajui kupunguza kipimo.

"Mkwe wangu, mimi si adui yako," aliniambia. "Lakini mjukuu wangu hatalala chini ya meza ya mapokezi kama mwavuli uliosahauliwa. Jumamosi nakuja. Nikikuta pale ubaoni jina lako, limeandikwa mwalimu, mtoto abaki. Nisipolikuta, naondoka naye."

"Na mimi je, mama?"

"Wewe mtu mzima. Hutakosa pa kulala."

"Utalikuta, mama," nikamjibu.

Nilijibu kwa kiburi kwa sababu mtihani wenyewe nilidhani naujua.

Jumatatu Madamu akanipa karatasi ya masharti. Nikasoma nimesimama. Nilipofika katikati nikakaa.

Sehemu ya kwanza, mtahiniwa ataongoza. Sehemu ya pili, mtahiniwa atafuata.

"Madamu, na kufuata pia?"

"Mwalimu anafundisha jozi, hafundishi nusu ya jozi."

"Sijawahi kufuata mimi."

"Si mwanamke wewe? Kufuata si kitu."

Si kitu! Miaka miwili nimeshika migongo ya wanawake wa watu, wanene, wembamba, wenye haraka, wenye kulia. Hakuna hata siku moja mtu aliyenishika mimi akaniambia, twende, najua njia.

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwomba. Tunamwita Fundi, mshona nguo mzee, mjane, huja walzi ya wazee kila Jumatatu na futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Wanaume wengine wanakuja wamevutwa na wake zao. Fundi hujileta.

Tukaanza. Hatua tatu, akasimama.

"Mwanangu, hapa nani anaongoza?"

"Wewe, Fundi."

"Mbona nafika nisikokwenda?"

Madamu akapita na kikombe chake. "Unaiba njia," akasema, akaendelea na safari. Ndivyo wanavyoita hapa, pale mwenye kufuata anapojiongoza mwenyewe kimyakimya. Kwenye mtihani ni kosa lisilo na msamaha. Bora ujikwae.

Tukarudia. Nikaiba. Tukarudia. Nikaiba tena. Fundi jasho likamtoka.

"Unanivuta kama mkokoteni."

"Samahani, Fundi."

"Sikiliza. Mteja akija kupimwa akabana tumbo, nguo itamwumbua siku ya sherehe. Usijibane. Ngoja."

"Nikungoje wewe?"

"Mimi, ndiyo."

"Fundi, mtu wa mwisho niliyemngoja..." Nikameza yaliyobaki.

Mzee akairekebisha futi yake shingoni.

"Basi usiningoje mimi," akasema. "Ungoje mkono tu. Mkono huu haujakukosea kitu."

Jumanne tukafanya hivyo. Jumatano nikafumba macho, nikarudi nyuma urefu wa ukumbi mzima bila kuchungulia hata mara moja. Tulipofika mwisho nilikuwa nalia.

"Nimekukanyaga?"

"Hapana, Fundi. Hujanikanyaga."

"Basi pangusa. Kesho mtahini atadhani nakutesa."

Hiyo kesho ikaja na simu. Saa moja asubuhi, sauti ya Fundi imepinda kwa maumivu.

"Mwanangu, nimeteleza ngazini. Mguu umevimba kama mto wa kulalia. Nisamehe."

Nikamwambia apumzike, Mungu yupo. Nikakata simu, nikapanga viti vya wageni safu nne pale ukumbini, kwa sababu msiba ni wangu lakini kazi ni ya Madamu.

Mwanaume mwingine mwenye kuweza kuongoza walzi ya mtihani alikuwa mmoja tu.

Ni mwalimu wa tango. Tunamwita Kiatu Cheupe, kwani hata mvua inyeshe na barabara iwe tope tupu, yeye ni viatu vyeupe, sijui huwa anaruka. Chumba cha juu alikuwa anakinyemelea na yeye. Alishamwambia Madamu mara mbili kwamba kumpa mfagiaji darasa ni kuchekesha watu.

Lakini asubuhi ile alikuja mwenyewe mapokezi, meno yote nje.

"Nasikia mzee wako kaanguka. Usijali, Bwana Akiba. Leo nitakufanya mwanamke."

Ningekuwa na mwingine ningemrudishia hilo neno lake palepale. Sikuwa na mwingine.

Mtahini alikuwa mama mmoja mfupi, viatu bapa, penseli nyuma ya sikio kama seremala. Hakunywa chai aliyopewa. "Tuanze," akasema.

Sehemu ya kwanza niliongoza, nikimshika Madamu mwenyewe. Nilimzungusha ukumbi mzima mpaka akasahau kuwa ni mkubwa wangu. Penseli ikaandika kitu kifupi.

Sehemu ya pili Kiatu Cheupe akanyoosha mkono.

Nikasema moyoni, ungoje mkono. Usimngoje yeye.

Walzi ina njia yake. Mnazunguka mkifuata kuta, kinyume cha saa, na kwenye kila kona mwenye kuongoza anapinda. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Niseme ukweli, mtu yule anajua dansi. Kama roho yake ingekuwa na adabu ya miguu yake, angekuwa mtu mkubwa.

Mzunguko wa pili, kona ya tatu, hakupinda.

Mkono wake ukanisukuma moja kwa moja nyuma. Na nyuma yangu nilijua kuna nini. Viti. Safu nne. Nilivipanga mimi.

Nikamtazama usoni. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja, ule ambao mtahini hauoni.

Wasomaji wangu, nilikuwa na pigo moja tu la muziki la kuamua. Nikijiokoa, nimeiba njia, nimefeli, Tone kaondoka. Nikifuata, mgongo wangu na viti vya mbao.

Nikafuata.

Nilikwenda na hatua nzuri, ndefu, kichwa juu kama nilivyofundishwa. Aliniachia dakika ya mwisho. Safu ya kwanza ikanipiga magoti kwa nyuma, ya pili nikailalia, ya tatu ikanilalia mimi. Muziki ukaendelea peke yake.

Kisha nikasikia viatu bapa vinakuja.

"Binti, ulijua hapa pana viti?"

"Nilijua. Nimevipanga mimi."

"Mbona hukusimama?"

"Mkono haukuniambia nisimame."

Akaninyanyua mwenyewe, mfupi vile. Akamgeukia mwenzangu.

"Na wewe, bwana? Ulijua?"

"Nilipotewa na hesabu kidogo, mama."

"Mwalimu wa miaka saba anapotewa na kona?"

Kiatu Cheupe akatazama viatu vyake.

"Huyu amefaulu pande zote mbili," mtahini akasema, penseli inakimbia. "Wewe naandika taarifa. Usimamishwe mpaka nikutahini upya."

Siku ile nililala kifudifudi kwa sababu ya mgongo, na nilicheka ndani ya mto. Tone akanipanda kiunoni akauliza, "Mama kuna nini?" Nikamwambia, "Kuna dirisha, mwanangu. Kuna sinki."

Ndivyo nilivyo mimi. Nikipewa kijiko cha heri naweka meza nzima.

Ijumaa Madamu akaniita ofisini.

"Kaa," akasema.

Hakuwahi kuniambia kaa.

"Jozi yenu jana ilipendeza mno."

"Jozi gani, Madamu?"

"Wewe na Kiatu Cheupe. Kabla ya ile ajali, mlikuwa kama picha ya ukutani. Nimefikiri. Darasa la kesho ataongoza yeye. Wewe utakuwa msaidizi wake."

Nilidhani masikio yangu nayo yaliumia kwenye viti.

"Madamu, mtahini amesema asimamishwe."

"Taarifa haijafika. Ikifika tutaisoma."

"Uliniahidi nikifaulu darasa ni langu."

"Niliahidi nikijua unaongoza tu. Sikujua unafuata vizuri namna ile. Mwanamke anayeanza anataka kuona mwenzake anavyomfuata mwanaume. Wewe ukisimama mbele peke yako, watu watauliza mwanaume yuko wapi."

"Miaka miwili mwanaume wenu alikuwa mimi."

"Na tunakushukuru sana," akasema Madamu, kwa dhati kabisa, na hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Msaidizi hapewi chumba. Chumba cha juu ni cha mwalimu.

Hebu nisaidieni kupima jambo hili. Ningefeli kufuata, ningebaki Bwana Akiba na labda wangenionea huruma. Nilifaulu, basi nikageuzwa mke wa mtu ambaye si mume wangu, kuanzia saa nne mpaka saa tano na nusu, kila Jumamosi.

"Kaandike ubao," Madamu akasema.

Nikaandika. Wanaoanza, Jumamosi saa nne asubuhi. Mwalimu, jina lake. Msaidizi, jina langu. Mkono wangu mwenyewe, mwandiko wangu mzuri niliousomea jioni.

Sasa nimefika penye aibu yangu. Ningeweza kuruka hapa, nani angejua? Lakini nilipoanza kuwaandikia niliweka sharti moja, nisijipake mafuta mbele yenu.

Jumamosi nilifungua ukumbi saa mbili. Tone yuko chini ya meza na kifuniko chake cha sufuria anachokifanya usukani. Nikasimama mbele ya ubao. Madamu siku hiyo alikuwa mjini kutafuta mapambo ya Alasiri ya Dansi, asingerudi kabla ya saa saba. Kiatu Cheupe hajawahi kuwahi hata siku moja.

Nikafikiri, mama mkwe atafika mapema, ataona, ataondoka. Nitafuta, nitaandika ya kweli. Uongo wa dakika tano. Mtu mwenye njaa huiba mkate mzima, mimi naomba ukoko tu.

Nikalowesha kitambaa. Nikafuta mstari. Nikaandika: Mwalimu, jina langu. Mstari wa msaidizi nikauacha mtupu.

Saa tatu na nusu mama mkwe akaingia. Mkononi begi jekundu, tupu, la kujaza nguo za mtoto. Hakunisalimia. Alikwenda ubaoni, akaweka kidole, akaanza kusoma kwa sauti kuanzia mstari wa juu kabisa.

"Jumatatu, walzi kwa wazee. Jumatano, tango, waliokwisha kuanza. Ijumaa, maharusi na wasimamizi wao... Wasimamizi nao wanafundishwa?"

"Ndiyo, mama."

"Makubwa. Jumapili ya mwisho wa mwezi, Alasiri ya Dansi, wote mnakaribishwa, vazi la heshima, chai ipo." Akanigeukia. "Chai tupu?"

"Na vitafunio, mama."

"Mngeandika."

Kidole kikashuka. Kikafika Jumamosi. Akasoma jina langu. Akalisoma tena, polepole, kama mtu anayehakiki jina la mgonjwa kwenye sahani ya chakula.

"Mwanangu," akasema.

Tangu niolewe kwao hajawahi kuniita mwanangu. Ni mkwe wangu, au mke wa mwanangu, au wewe.

"Nisamehe. Sikuamini kama ungeweza."

Ningependa anitukane. Tusi ningejua pa kuliweka.

"Haya mama, asante," nikasema haraka. "Usichelewe usafiri, jua litakuwa kali."

"Niende wapi? Mimi nakaa. Sijatoka kote huko nisione mwanangu anavyofundisha."

Akachagua kiti cha safu ya mbele, akampakata Tone, begi akaliweka miguuni. Akakaa mkao wa mtu aliyekuja kutazama sherehe ya kwao.

Wanafunzi wakaanza kuingia. Mume na mke waliogombana njiani, unawajua kwa kuachana hatua mbili. Dada wawili wenye kucheka. Mzee na binti yake. Nikawa naandikisha majina huku jicho moja mlangoni.

Na kwa mara ya kwanza katika miaka saba, Kiatu Cheupe akawahi.

Alisimama mbele ya ubao. Akasoma. Kisha akanitazama mimi, akamtazama mama aliyempakata mtoto, akatazama lile begi lililolegea. Mtu yule si mjinga, na sharti la mama mkwe ukumbi mzima ulishalisikia. Nilimwona anaelewa yote, moja baada ya jingine.

"Na wewe baba," mama mkwe akamwuliza kwa bashasha, "umekuja kujifunza?"

Kiatu Cheupe akainama kwa adabu.

"Hapana, mama. Mimi ni msaidizi wake."

"Mungu akubariki. Msaidie."

"Nitamsaidia sana."

Akanishika kiwiko, akanipeleka penye spika, kama tunachagua muziki.

"Umeshangaa?" akanong'ona. "Nimekusitiri. Sasa na wewe unisitiri. Karatasi nimekuja nayo, kalamu ipo mapokezi. Mwandiko wako mtahini anaujua, ulijaza fomu mwenyewe. Utaandika kwamba nilipinda kona, wewe ukakataa kufuata, ukajiangusha."

"Nikiandika hivyo cheti changu kinafutwa."

"Cheti kitarudiwa mwakani. Mimi nikisimamishwa nani atanirudisha?"

"Na nisipoandika?"

"Namweleza yule mama ubao ulisema nini jana. Najua kusimulia, watu wananisifu." Akaweka muziki. "Darasa liishe, barua iwe mfukoni mwangu. Tabasamu, mwalimu. Mkweo anatutazama."

Alinyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya watu wote, akasubiri niupokee.

Wimbo ukaanza. Jozi saba zimesimama zinanitazama. Tone ananipungia kwa mkono mzima.

"Mama cheza!"

"Haya, mwalimu," mama mkwe akaita, anapiga makofi mawili. "Saa nne hiyo. Anza."

Mkono ulikuwa bado hewani. Nilijua namna ya kuufuata. Nimefaulu, nina cheti. Ningeufuata leo, na kesho, na kila Jumamosi, na kila mara ungenipeleka kwenye viti, na mwanangu angekaa safu ya mbele anapiga makofi.

Nikazima muziki.

"Mama," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, mpaka wale waliogombana wakasogeleana. "Ule ubao nimeuandika mimi."

Mama mkwe akacheka. "Si najua! Mwandiko si wako? Kwani nani mwingine huwa anaandika?"

"Hapana, mama. Nisikilize. Leo asubuhi nimeufuta, nikaandika upya."

Mkono wa Kiatu Cheupe ukashuka taratibu.

Kiganja cha mama mkwe kilichokuwa kinampapasa Tone mgongoni kikasimama palepale. Alinitazama macho makavu, yale macho ya jikoni, ya kupima.

"Endelea," akasema.

Na mkono wake mwingine ukateremka chini ya kiti kutafuta mpini wa begi.